Much au many, few au a few, big au large: ukimwandikia mteja wa nje uchague lipi

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kingereza cha kiasi na ukubwa kimeshakuwa cha kazi, sio cha mtihani wa form four tena. Muuza mchele anachati na mteja wa Nakonde upande wa Zambia, mwenye viazi pale Kasumulu anaongea na Mmalawi, mwenye parachichi Rungwe au Njombe anasubiri imeili ya mnunuzi wa Ulaya, mwenye mbao Mafinga kapokea oda, na vijana wanaopeleka wageni Ziwa Ngosi au Kimondo cha Mbozi lazima waeleze kitu kina ukubwa gani bila kutanua mikono. Na wote wanakwama pale pale, ni much au many, less au fewer, big au large, mana kwenye kiswahili ukishakuwa na -ingi, -chache, kidogo na -kubwa basi umemaliza. Nimeyaweka ubavu kwa ubavu hapa chini, na pale ninapoona moja linashinda nasema wazi, sipendi ile ya kuambiwa yote sawa tu inategemea.

Much, many na a lot of

Darasani tuliambiwa many ni ya vinavyohesabika na much ni ya visivyohesabika. Ni kweli, ila haitusaidii sana, kwasababu swali linabaki vinavyohesabika kwa nani? Mkulima wa Mbozi anakwambia mahindi mwaka huu ni mengi, kayaweka kwenye ngeli ya wingi kabisa, na ukiwa huna kazi unaweza ukakaa ukahesabu punje. Kwenye kingereza maize haihesabiki. Hakuna maizes, hakuna many maize. Kwahiyo kitu cha kwanza ni kuacha kusikiliza ngeli ya kiswahili, inayoamua ni nomino ya kingereza peke yake, na hapo ndo watu wengi wanapoumia, maana ma- ya mahindi, maji, maziwa na mafuta inatudanganya wote tunaona wingi, wenzetu wanaona kitu kimoja kisichokatika vipande.

Sasa angalia mzigo wa fuso moja inayotoka soko la SIDO Mbeya kwenda Tunduma. Mchele haihesabiki, rice. Maharage yanahesabika, beans. Unga hapana, flour. Viazi ndio, potatoes. Ngano hapana, njegere ndio, karanga ndio, kahawa hapana (isipokuwa umekaa mgahawani unaagiza vikombe viwili, hapo two coffees ni sawa kabisa), mbolea kwa kawaida hapana. Huwezi kuotea kwa kuangalia ukubwa wa punje, mana punje ya mchele unaiona na unaweza kuihesabu na bado rice haihesabiki. Ni ya kukariri tu, kwa bahati nzuri bidhaa zako wewe hazizidi kumi, zikariri hizo hizo.

Watu wa Mafinga na Mufindi kwa ujumla wawe makini zaidi. Mbao zako ni timber, na timber kwenye oda haina s. Ukiandika 500 timbers mnunuzi ataelewa lakini ataona huyu bado mgeni kwenye hii kazi. Ukitaka kuhesabu sema planks au pieces of timber. Nguzo zenyewe ni poles, hizo zinahesabika bila shida. Na ukija kwenye maneno ya ofisini kuna kundi linaitesa nchi nzima: taarifa, ushauri, mizigo, vifaa, fanicha. Information, advice, luggage, equipment, furniture, yote hayana s na yote yanaenda na much. "Informations" naiona mpaka kwenye matangazo ya kazi.

Wanyama nao wana vituko vyao. Samaki wa Matema ni many fish, wengi lakini hawapewi s. Ng'ombe wa Usangu ni many cattle, daima wingi, alafu ng'ombe mmoja huwezi kusema one cattle, inabidi urudi kwenye cow.

Haya, umeshajua hii ni ya much. Bado usikimbilie kuiandika. "We have much rice" haina kosa la sarufi lakini kwa msemaji wa kingereza wa leo inasikika kama mtu anayesoma waraka wa zamani. Much imejificha kwenye maswali na kwenye kukanusha: how much rice do you need, we don't have much rice. Kwenye sentensi ya kukubali, ile ya kusema tunao mwingi, a lot of ndo mshindi na wala haiulizi kama kitu kinahesabika au hapana. A lot of rice, a lot of beans, a lot of cattle, umepita. Mimi mtu akiniambia nimpe neno moja tu la kuanzia nampa hilo.

Ila kwa muuzaji kuna plenty of, na hii naona haitumiki vya kutosha. A lot of inasema mzigo ni mwingi, plenty of inasema mwingi wa kukutosha na kubaki, yaani mteja usiwe na presha. Ukiulizwa kama stoo kuna kitu na kweli kipo, plenty of inauza zaidi. Lots of ni ya kuchati. Ukiandika barua yenye kichwa na muhuri tumia a large number of kwa vinavyohesabika, a large amount of kwa visivyohesabika, na ukichoka kufikiria weka large quantities of, hiyo inakubali upande wowote, large quantities of rice, large quantities of beans. Kuna a great deal of pia, ni ya visivyohesabika tu, na kwa meseji za biashara siioni kazi yake.

Kuna njia nyingine ya kutokea, na wafanyabiashara wazoefu ndo wanayotumia: funga kitu kwenye kipimo. Maize haihesabiki lakini bag linahesabika, kilo inahesabika, tani inahesabika. How many bags of maize, how many tonnes of rice. Ukishaweka kipimo mbele much imekufa, unabaki na many na namba. Na inakuokoa na balaa lingine, mana how much ikikaa peke yake inauliza bei. Mteja akikuandikia "how much?" usianze kumjibu magunia mangapi, anataka shilingi.

Few na a few, little na a little

Hapa ndo pa kukaa vizuri. Tofauti ni herufi moja, a, na hiyo herufi inaweza kukuondolea mteja.

"We have a few bags left." Yapo machache, njoo uchukue. "We have few bags left." Ni machache mno, karibu hayapo, usihangaike kutuma gari. Few bila a ni kilio, inaelekea kwenye sifuri. A few inaelekea kwenye kuwepo. Idadi stoo inaweza kuwa ile ile, tuseme magunia nane, kinachobadilika ni unataka mtu aondoke na picha gani kichwani. Sisi hiyo kazi tunaifanya kwa sauti na kwa vineno vidogo, "yapo machache" ni tofauti na "ni machache tu yaani", kwahiyo mtu anatafsiri -chache anafikiri kamaliza, a anaiona kama pambo.

Little na a little ni hivyo hivyo, kwa visivyohesabika. Wa Tukuyu kwenye mvua nyingi hana haja nayo sana lakini wa Ismani kwenye ukame anaijua: there was little rain ni msimu mbaya, there was a little rain ni mvua kidogo imenyesha na tunashukuru. Ukiandika ripoti ya kikundi kwa mfadhili na mazao yameungua, ni little. Ukiweka a little pale mfadhili anasoma anaona mambo si mabaya.

Kati ya hizo mbili mimi kwa meseji ya biashara nachagua a few kila mara, na nikitaka kusema yamekaribia kuisha siandiki few, naandika only a few left au almost finished. Few peke yake ni ya kwenye vitabu na hotuba, kwenye simu mtu anaisoma haraka anaruka. Alafu kuna quite a few, hii ni mtego kamili. Ukiiona unadhani ni "wachache kabisa", kumbe maana yake ni wengi tu, idadi ya kutosha. Mnunuzi akikuandikia we found quite a few bad fruits usipumue, anakwambia yaliyoharibika ni mengi.

Several ipo katikati, inazidi a few kidogo na haina huzuni wala furaha. A couple of ni wawili kihalisia lakini watu wanaitumia hata kwa wawili watatu. Kwahiyo gari likitarajiwa in a couple of days usilale kesho kutwa barabarani ukilisubiri, muulize siku gani.

Less na fewer

Kanuni ya mwalimu: fewer kwa vinavyohesabika, less kwa visivyohesabika. Fewer bags, less maize. Ukiifuata hutakosea, ila usimcheke asiyeifuata, kwasababu hata Waingereza wenyewe wanaizozania. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuiandika kama pendekezo ni Robert Baker mwaka 1770, na yeye aliiweka kama anachopenda yeye, sio kama amri. Kabla ya hapo watu walikuwa wanasema less kwa kila kitu kwa karne na karne. Supamaketi za kule zilikuwa na vibao kwenye kaunta ya haraka vya kusema vitu kumi au less, wapenda sarufi wakalalamika weee, mwaka 2008 Tesco wakaamua kuandika up to 10 items, wakakwepa ugomvi wote.

Pale ambapo less inashinda hata kama namba ipo ni kwenye umbali, hela, muda na uzito. Less than 20 kilometres, less than 50,000 shillings, less than two hours, less than 500 kilos. Hapo hauhesabu kilo moja moja, unaangalia kiasi kwa jumla. Mwenye gesti Uyole anayemwandikia mgeni kwamba mjini sio mbali aweke less than na asisumbuke na fewer. Na ile ya Tesco, up to, nawashauri muikope kwa matangazo: up to 30 bags per truck, hakuna wa kukugombeza.

Number na amount nazipita haraka, ni mpaka ule ule, number of bags, amount of rice. Ila kuna kitu kimoja: a number of bags are ready, lakini the number of bags is 40. Ya kwanza ina maana magunia kadhaa, ya pili inaongelea idadi yenyewe.

Big, large, great, huge

Kubwa moja, kingereza kina rundo. Nikianza na big na large, zinabadilishana mara nyingi, big house na large house hakuna wa kukuuliza. Zinapoachana ni hivi: large ni ya vipimo na maandishi, ndo maana iko kwenye lebo za nguo na kwenye large quantities, large scale, large number. Big ni ya mdomoni na ya uzito wa jambo, big problem, big day, big mistake. Large problem utaisikia mara chache na haivutii. Kaka mkubwa ni big brother, ukisema large brother umemsema mwili. Kwa mtu anayeandika kotesheni nachagua large, anayeongea na mgeni njiani nachagua big.

Great sio ukubwa wa kupima sana, ni ukuu. Ruaha Mkuu ni Great Ruaha, Bonde la Ufa ni Great Rift Valley. Sasa usimwambie mnunuzi you will get great avocados ukimaanisha makubwa, ataelewa ni mazuri sana, na akija akakuta madogo matamu hana kesi na wewe, hahaha. Huge, enormous na giant zimeshabeba "sana" ndani yake, kwahiyo very huge ni kurudia. Kimondo cha Mbozi ni huge na inatosha, lakini mgeni atafurahi zaidi ukimpa namba, kina urefu unaozidi kidogo mita 3 na kinakadiriwa tani 16 hivi. Na ukiwa unaiandika angalia, it is 3 metres long ina s, a 3-metre meteorite haina s. A 50-kilo bag, a two-day trip, a 20-litre bucket, zote hazina s kwasababu zimegeuka sifa.

Kwa wa parachichi lazima niongeze hili maana linachanganya hata wasomi. Ukisikia size 12 na size 24 usidhani 24 ndo kubwa. Namba ni idadi ya matunda yanayojaza katoni ya kilo 4, kwahiyo size 12 ni tunda la kama gramu 330 na size 20 linacheza kwenye gramu 200. Namba ikipanda tunda linapungua. Kwahiyo mnunuzi akisema we want bigger sizes hajamaanisha namba kubwa, kamaanisha matunda makubwa yaani namba ndogo, na hapo big na large hazikusaidii kitu, mrudishie namba kwa namba mpaka mkubaliane.

Kubwa ambayo sio big wala large

Hii ndo inayowatoa watu wengi kuliko hata much na many. Tuna bei kubwa, mvua kubwa, foleni kubwa, hasara kubwa, uhitaji mkubwa. Ukiweka big kila mahali unaeleweka nusu nusu. Bei ni high au low, haina big price wala small price kwenye mazungumzo ya kawaida. Mvua ni heavy rain, foleni ni heavy traffic, pale Mafiati Mbeya jioni unaijua. Uhitaji ni high demand au great demand. Hasara ndo inakubali big na heavy pia. Upepo ni strong. Ukungu wa Njombe asubuhi ni thick fog, na uji mzito nao ni thick, sio heavy porridge.

Na mrefu pia. Mtu mrefu na mti mrefu ni tall. Mto na barabara ni long. Mlima ni high, Rungwe yenye karibu mita 2,960 ni a high mountain. Ukimwita mtu long kwa sababu umetafsiri mrefu atacheka lakini atashangaa kidogo.

Small na little

Small ni kipimo, little ina hisia ndani, mara huruma mara mapenzi. A little house ni kinyumba cha kupendeza, a small house ni nyumba ndogo kaitathmini benki. Kwenye kulinganisha tumia smaller na smallest, little hapo inasumbua. Kwa maandishi ya kazi nachagua small bila kufikiri mara mbili. Ila mkulima mdogo, yule mwenye heka mbili, usimwite small farmer kwenye andiko la mradi, mana inaweza kusomeka kama ana mwili mdogo, na little farmer ndo kabisa kageuka katuni. Neno lao ni smallholder au small-scale farmer.

Namba zenyewe

Mia mbili ni two hundred bila s, elfu tano five thousand bila s. S inakuja ukiwa hutaji idadi kamili, hundreds of bags, thousands of people. Dozen ni 12 na inaenda hivyo hivyo, two dozen eggs, japo huku kwetu mayai ni trei ya 30 kwahiyo andika tray of 30 eggs, hapotei mtu.

Tani iandike tonne, kilo 1,000. Ton ya Marekani ni pauni 2,000, sawa na kilo 907 hivi, na ile ya zamani ya Uingereza ni pauni 2,240, kilo 1,016. Mnunuzi wa Zambia hatakusumbua, wao ni metriki kama sisi, lakini ukipata Mmarekani wa kahawa muulize kwanza ton yake ni ipi, tofauti ya kilo 93 kwa kila tani sio ya kuchekea. Galoni vile vile, ya Uingereza ni lita 4.5 na kidogo, ya Marekani ni lita 3.8 hivi.

Na gunia. Bag haisemi chochote, yaweza kuwa la kilo 50, la kilo 100, au lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi na kufungwa shingo juu kama wakala wa vipimo hayupo. Debe nalo lina historia ya kopo la galoni nne ila sasa hivi kila soko na ndoo yake. Kwahiyo kati ya bags, tins na kilos kwenye meseji ya kuvuka mpaka mimi sina hata cha kulinganisha, ni kilos, na kama mteja kazoea magunia andika 80 bags, 100 kg each, total 8 tonnes, alafu mpigie picha ya mzani.